Anayekula Mwisho

Asubuhi ile Edigna Kapinga alifanya kosa ambalo kila mwangalizi wa umeme huapa, siku yake ya kwanza kazini, kwamba hatalifanya. Alifungua punje ya mtu wa nyumbani kwake.

Hakuwa na tabia ya kuchungulia. Ila jana yake mchana, baba yake, Mzee Otmar, mtu aliyeonja kahawa ya Mbinga miaka na miaka mpaka wanunuzi wakawa wanamwogopa ulimi, alikuwa ameshika kijiko mkononi akamuuliza mjukuu wake kitu kile kinaitwaje. Mjukuu akacheka, akidhani ni mzaha wa babu. Babu naye akacheka, maana akili iliyobaki ilimtosha kujua kwamba anachekwa, ila haikumtosha kulipata jina la kijiko. Alipoamka asubuhi alikuwa buheri wa afya, akataja kijiko na fundi aliyekichonga na mke wa fundi. Majirani walisema ni uzee. Edigna akajiuliza ni uzee gani huo unaoingia mchana na kuondoka alfajiri, kama mlinzi wa zamu.

Basi akaketi mbele ya kioo cha kompyuta yake pale kituoni, juu ya kilima, chini ya mnara uliokuwa ukirusha umeme kwa milima yote ya Umatengo, akaandika jina la baba yake.

Tangu homa ya usahaulifu ipite, hapakuwa na mtu milimani kule asiyekuwa na punje nyuma ya sikio. Ilikuwa prosesa ndogo, haizidi punje ya mahindi, na jina lilitoka hapo. Homa iliua ile sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu, na punje ikachukua kazi yake. Haikuwa na betri. Ilikula umeme wa mnara, mnara ulikuwa mali ya Shirika, na Shirika lilikuwa na programu iliyoitwa Mzani, iliyojua kila punje inakula kiasi gani na inapiga kwa kasi gani. Kazi ya Edigna ilikuwa kuutazama Mzani na kupiga kelele pakiwa na hitilafu.

Mzani ulimwonyesha kwamba punje ya Mzee Otmar ilikuwa salama kabisa. Wastani wake wa siku ulikuwa mzuri. Lakini Edigna hakuwa mgeni wa wastani. Mtu akishinda na njaa kutwa, kisha usiku akala sahani tatu, wastani utasema amekula vizuri. Akauamuru Mzani uache kuchukua kipimo kila baada ya muda, badala yake uandike kila badiliko la kasi, hata likiwa la kufumba na kufumbua.

Mstari uliokuwa nyororo ukavunjika ukawa ngazi. Ngazi zote za mchana zilikuwa za kushuka.

Ndani ya kila punje mna vihesabio viwili. Cha kwanza huhesabu kwa mwendo uleule mchana na usiku, hakijali kama mwenye punje anafikiri au anapiga miayo. Cha pili huhesabu mapigo yenyewe ya prosesa, yale mabilioni yanayopiga kila sekunde. Prosesa ikikaza mwendo nacho hukimbia, ikilegezwa nacho hujikokota. Mzani hukigawanya cha pili kwa cha kwanza na kupata kasi ya kweli, ambayo haina budi kutofautishwa na kasi inayoombwa. Punje inaweza kuomba kasi kubwa kama mtoto anavyoomba nyama, ikapewa mchuzi.

Punje ya Mzee Otmar ilikuwa imeomba mchana kutwa. Haikuwa mbovu wala haikuchoka. Ilikuwa inanyimwa.

Edigna akasogeza kiti karibu zaidi na kioo. Kisha akafanya jambo la pili lililokatazwa. Akauamuru Mzani utafute punje nyingine, ile iliyokuwa ikipanda papo hapo kila ya baba yake iliposhuka. Haukwenda mbali kuipata. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ilikuwa ya Otilia, binti yake mwenyewe.

Otilia alipatwa na homa akiwa bado mchanga. Kwake punje haikushika kumbukumbu tu, ilimwendesha miguu na ulimi pia. Miaka mingi alikaa mkekani akitazama wenzake wakikimbia. Watu wa Shirika walipomwongezea kasi ya punje akasimama, akasema, akaenda shule, na sasa alikuwa anasomea unesi. Ukoo mzima ulichinja mbuzi siku aliyotembea kutoka jikoni hadi getini. Mzee Otmar alicheza ngoma siku ile mpaka akaumwa kiuno.

"Umeona, sasa funga," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Meinrad Haule, mkuu wa kituo, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Hakuonekana kukasirika. Alivuta kiti akaketi, na Edigna akaogopa zaidi kuliko kama angefokewa.

"Bosi, baba yangu anapunguzwa," Edigna alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Mnakula sengu pale kwenu, au siyo?"

Edigna aliitikia kwa kichwa. Sengu ilikuwa desturi ya tangu mababu: ukoo mzima kula pamoja uani kwa mkubwa wa ukoo, na kuzungumza yao hapohapo. Shirika lilipokuja kusajili punje, watu wa milimani walikataa kuandikishwa mmoja mmoja. Mtu anayekula peke yake ni mchawi, walisema. Kila sengu ikaandikishwa pamoja na kupewa mgao mmoja wa umeme. Mgao huo watu waliuita chungu.

"Siku ile," Meinrad alisema, "kila mkuu wa chungu aliulizwa swali moja, waziwazi. Umeme ukipungua, nani asubiri ili wenzake washibe? Unadhani wazee walijibu nini?"

Edigna hakuhitaji kudhani. Alikuwepo. Baba yake alikuwa ameshangaa hata kuulizwa. Mwenye sengu haanzi kula kabla hajaona kila mkono umeshika tonge. Alijipiga kifua akasema, "Mimi." Watu wakampigia makofi.

"Alidhani ni kusubiri kama kusubiri ugali," Edigna alisema. "Ugali ukichelewa unafika. Umeme uliokwenda kwa mwingine haurudi."

"Hatukuwadanganya."

"Hamkuwaambia."

Meinrad alijifuta jasho shingoni, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. "Wazee wote wa milima hii walijibu hivyo hivyo, Edigna. Wote. Makao makuu walifurahi sana. Unajua kwa nini? Kijana ukimpunguzia anapiga simu, anatukana, anaandamana. Mzee akisahau watu wanasema ni uzee. Ndivyo bwawa linalotupa umeme lilivyotufikisha mwezi huu." Akakitazama kioo badala ya kumtazama mwenzake. "Na Jumapili tunafunga mkanda tena. Maji yamekwisha."

"Baba yangu ataishia wapi?"

"Chini ya sakafu."

Edigna alijua sakafu ni nini. Kila punje ina kasi ambayo ikishuka chini yake haishiki tena kitu, na vilivyokuwa ndani vinamwagika. Maji yakimwagika hayazoleki. Hata mvua ikinyesha mwezi ujao na bwawa likafurika, Mzee Otmar angebaki mtu mwenye sura ya Mzee Otmar.

"Tumtoe kwenye chungu," alisema.

"Chungu hakivunjwi mpaka mvua. Mkuu wa chungu peke yake ndiye anayeweza kuubadili mpango, kwa sauti yake mwenyewe. Isipokuwa awe hana akili timamu. Mtu mzima wa ukoo akiomba uangalizi, kile kisanduku chetu kilichoko ukutani kwenu kinamwambia mkuu awataje watu wazima wanaokula pale. Akishindwa hata mmoja, ukuu unakwenda kwa aliyeomba." Meinrad aliinuka. "Na lazima pawe na wa kusubiri. Ukimtoa huyu unamtia yule. Mzani hauachi nafasi wazi."

Alipofika mlangoni akasimama.

"Mama yangu alijiweka yeye, mwaka juzi," alisema. "Siku hizi ananiita kaka. Nimezoea."

Edigna alimtazama mgongo hadi alipotokomea. Mtu anayeweza kulizoea jambo kama lile ataweza kulizoea lolote.

*

Jumamosi aliamka mapema akamfuata baba yake shambani. Mzee alikuwa mteremkoni kati ya ngolo, yale mashimo Wamatengo wanayochimba kushika udongo na maji, akipalilia maharage, na umande ulikuwa bado kwenye majani. Asubuhi ulikuwa wakati wake. Otilia alikuwa bado amelala, na punje ya aliyelala haili kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja kupalilia au kusema? Maana jembe huna."

"Nimekuja kusema."

Alimweleza yote. Alimweleza vihesabio, ngazi za kushuka, chungu na sakafu, na Jumapili. Mzee Otmar hakumkatiza. Aliendelea kung'oa magugu na kuyatupa kwenye shimo moja baada ya jingine, na binti yake alipomaliza akanyoosha mgongo.

"Nani kakwambia sijui?"

Edigna alichuchumaa kando ya shimo.

"Mimi nimeonja kahawa maisha yangu yote. Kikombe kikipungua chumvichumvi ya udongo wa Litembo, najua. Kichwa changu mwenyewe kipungue nisijue?" Mzee alicheka kidogo. "Siku Otilia aliposimama, mchana wake nilimsahau mama yako jina. Mke wangu, Edigna! Nilikaa pale chini ya kibaraza nikalitafuta mpaka jua likazama. Lilipokuja nililia. Halafu nikamwona mtoto anapita, anatembea, anaimba na ndoo kichwani. Nikasema basi, sawa."

"Jumapili si kusahau jina, baba. Ni kwisha."

"Nimekusikia."

"Niweke mimi nisubiri. Homa ilinipata kidogo, ubongo wangu una nguvu bado. Nimepiga hesabu. Nitakuwa mzito wa mchana, lakini nitabaki juu ya sakafu. Sema neno moja tu kwenye kisanduku."

Mzee Otmar alimtazama kana kwamba amemtukana. "Nishibe mimi, mwanangu asubiri? Katika ukoo huu? Watu watapita pale nje waseme tazameni Otmar, anakula akili ya binti yake."

"Watu hawatajua."

"Nitajua mimi. Si ndiyo maana unataka nibaki na akili, ili nijue?"

Edigna alianza kulia, naye hakuwa mtu wa kulia. Alimwambia kwamba anamhitaji. Alimwambia kwamba hataki kumpikia uji mtu asiyemjua, kwamba ni ubinafsi na anajua ni ubinafsi, na bado anamwomba. Mzee alimshika bega kwa mkono wenye udongo.

"Sikiliza, mama. Neno langu ni lile lile nililosema siku ya usajili. Nimelisema tena leo asubuhi, akili zangu zote ninazo, mbele yako na mbele ya Mungu. Mchana nikisema lingine, usinisikilize. Huyo wa mchana si mimi."

Akainama akaendelea na magugu yake.

Edigna alipanda mteremko akiwa na neno lile kichwani. Angeweza kulitii. Binti mwema angelitii, angeketi karibu na baba yake kutwa nzima, amsikilize akisimulia hadi Mzani uchukue chake. Mzee alikuwa ameamua, na uamuzi ulikuwa wake, wala hapakuwa na mtu mwenye akili timamu kuliko yeye asubuhi ile. Hilo ndilo lililomtesa Edigna. Wa asubuhi asingeshindwa kumtaja mtu yeyote. Wa mchana ndiye angeshindwa, na huyo Edigna alijua namna ya kumpata.

*

Sengu ilikutana jua lilipoanza kuinama. Mama Gaudensia, mdogo wa marehemu mama yake Edigna, alikuwa amepika ugali, maharage na kuku wa kienyeji, na watoto wadogo walikuwa wamekaa mkekani wakigombania nafasi karibu na bakuli. Mzee Otmar alikaa kwenye kigoda chake. Ukutani nyuma yake kulikuwa na kisanduku cha Shirika, na taa yake ya kijani ilikuwa inawaka.

"Otilia, mwanangu," Edigna alisema, na sauti yake ikatoka ya kawaida, jambo lililomtia hofu, "wewe ndiye utakayeleta sahani leo. Na mtihani wako u karibu. Hebu nitajie mifupa ya mkono ukiwa unatembea, tuone kama imekaa."

"Mama, hata siku ya sengu?"

"Hasa siku ya sengu. Babu anapenda kukusikia."

Otilia aliona fahari. Alipanda na kushuka ngazi za jikoni na sahani mikononi, miguu ikifanya kazi yake, ulimi ukifanya yake, na kichwa kikichimbua mifupa mmoja mmoja. Watoto wakamwitikia kama kwaya. Edigna hakuhitaji kioo kuona kinachotokea. Aliona tonge la mzee likisimama njiani. Aliona macho yake yakiacha kumfuata mjukuu na kutulia kwenye ukuta mtupu. Kila hatua ya mtoto ilikuwa ngazi moja chini kwa babu, na aliyezipanga ngazi hizo alikuwa amekaa hapohapo akichambua kuku.

Bado ulikuwepo wakati wa kuacha. Neno moja lingetosha: kaa, mwanangu, pumzika. Edigna alilishika mdomoni akalimeza.

"Naomba uangalizi," alikiambia kisanduku.

Mama Gaudensia aligeuka kwa mshtuko. Taa ikawa ya manjano.

"Mkuu wa chungu," kisanduku kilisema kwa sauti ya upole, "wataje watu wazima wanaokula hapa."

Mzee Otmar aliinua uso. Alitabasamu, kama mtu anayesikia anaitwa lakini hajui kutoka upande gani.

"Huyu Gaudensia," alisema. "Shemeji yangu. Na huyo ni Otilia, mwenye kelele za mifupa." Watoto wakacheka. Kisha macho yake yakamfikia Edigna, yakakaa. Alimtazama kwa muda mrefu, paji la uso likakunjamana, midomo ikajaribu kitu ikakiacha. Edigna alitamani alipate jina lile, alitamani kwa moyo wake wote, huku akingoja alikose.

"Mama huyu nadhani ni mgeni wetu," mzee alisema kwa adabu kubwa. "Gaudensia, mbona mgeni hajapakuliwa? Mpe paja la kuku. Mgeni hasubiri kwangu."

Hakuna aliyecheka.

"Mkuu ameshindwa," kisanduku kilisema. "Edigna Kapinga, wewe ndiye mkuu wa chungu hiki. Umeme ukipungua, nani asubiri?"

"Mimi."

Taa ikarudi kuwa ya kijani. Badiliko la kasi halichukui hata muda wa kupepesa, na Mzee Otmar alirudi mwilini mwake mbele ya macho ya watu, mabega yakanyooka, macho yakashika moto. Aliitazama sahani yenye paja la kuku mbele ya binti yake. Alikitazama kisanduku. Kisha akaelewa, na Edigna akaona hasa ni wakati gani ameelewa.

"Edigna."

"Abee, baba."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Ukaningoja mchana." Sauti yake haikupanda. "Ukaningoja niwe sina akili, ukanivua nguo mbele ya watoto wangu. Mtu mwingine angefanya hivyo ningemlaani. Wewe sijui nikufanye nini."

Alinawa mikono, ingawa hakuwa amekula hata tonge moja, akainuka akaingia ndani na kufunga mlango. Haikuwahi kutokea mwenye sengu akawaacha watu mkekani. Wadogo wakaanza kulia bila kujua wanalilia nini.

Otilia alikuwa amesimama kwenye ngazi na sahani ya mwisho mkononi. Alikuwa akisomea unesi, hakuwa mjinga. Alimtazama mama yake, akaitazama miguu yake mwenyewe, akaitazama tena.

"Mama," alisema, "kumbe mimi ndiye niliyekuwa namla babu?"

Alisema kwa uchungu uliompanda mtoto mzima mzima, kifua kikitweta, mawazo yakimkimbia kichwani, na punje yake ikaomba umeme kwa nguvu zote kama punje ya mtu mwenye huzuni inavyoomba. Ikapewa, kutoka kwa Edigna, ambaye huzuni hiyo hakuwa ameitia kwenye hesabu yake. Edigna alinyanyua mkono kumjibu. Alikuwa na maneno yake tayari, aliyapanga tangu asubuhi. Si wewe, mwanangu, ni Shirika. Alilisema la kwanza, na alipolifikia la pili hakulikuta. Alijaribu kuzunguka kwa nyuma yake, akasahau anazunguka kitu gani.

Alihisi utulivu mkubwa. Alijikuta ameketi uani, mbele yake pana paja zuri la kuku, na kando yake amesimama msichana mrembo anayelia. Akasikia nyuma ya mlango uliofungwa mzee akitembea huku na huko, mwendo wa mtu mwenye hasira nzito, na moyo ukamuuma kwa ajili yake.

"Jamani," akawauliza waliokuwa mkekani, "nani amemuudhi mzee wa watu namna hii?"